Wali haukupoa: hoteli ya Langoni kwa mama anayenyonyesha

Wiki iliyopita nilitoka Malindi alfajiri kwa basi, nikavuka kwa boti kutoka Mokowe, mwanangu wa miezi minne kifuani. Tulishuka gatini Lamu saa saba mchana, yeye analia na mimi njaa imenishika. Kwa shangazi bado mbali, na mjini humu ni miguu au punda.

Nilisita kuingia hotelini. Mwezi wa nane, katika hoteli moja ambayo siitaji, mhudumu aliniona nafungua vifungo akaninong'oneza: "Dada, choo kiko huko nyuma." Nilikwenda. Sakafu imejaa maji, hakuna hata kigoda. Nikaegemea mlango nimesimama, mtoto akakataa titi. Niliomba chakula changu kifungwe nikaondoka, na uchungu ule sijausahau.

Hii ya mtaa wa Langoni, hapa Lamu, ni ndogo, meza sita tu. Mwenyewe ni mama mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwa mtoto. "Mpe yeye kwanza, mwanangu. Chakula kipo." Akanipeleka nyuma ya pazia, kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Ndani kuna baraza ya mawe iliyotandikwa godoro jembamba, ukuta wa kuegemea na mto wa sufi wa kuweka chini ya kiwiko. Dirishani unaingia upepo wa bahari. Nililegeza buibui, na kwa mara ya kwanza siku ile mtoto alinyonya bila kufunikwa uso. Jasho likamkauka kwenye paji namtazama.

Niliagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mtoto akiwa titi la kushoto, mkono wa kulia unakula. Ukimhamishia la kulia, mkono wa kulia ndio umembeba, na hapo ndipo chakula cha mama hupoa kila siku. Yule mama aliliona hilo bila kuambiwa. Akafunika sinia kwa kawa, mchuzi akaupeleka jikoni. Aliporudi nao ulikuwa unafuka, na samaki ameshamchambua miba. Sijawahi kutendewa hivyo na mtu asiye mamangu.

Nilimuuliza wazo hili alilipata wapi. Kumbe baraza ile aliitenga kwa ajili ya msichana wake wa jikoni aliyejifungua, wateja wakafuata baadaye. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na pasiwe msalani. Yeye sheria hakuitaja. Alinitajia aya ya Suratul Baqara, kina mama wanyonyeshe miaka miwili kamili.

Kasoro zipo. Ngazi ya kuingilia ni ndefu kwa aliyebeba mtoto. Pa kumbadilishia nepi hapana, nilitandika leso yangu mwenyewe. Maji ya kunawa yako upande wa mbele. Nilipomwambia, alimwita kijana alete ndoo na kata pale pale. Chumvi ya samaki ilizidi kidogo.

Wali na samaki shilingi 450, maji ya ukwaju 50. Nendeni kabla ya saa saba, maana baraza ni moja. Nilipofungua pazia nitoke, mama mwingine alikuwa amesimama nje, kitoto kinahangaika begani. Nilimpisha nikamsogezea mto.