Programu ya likizo ya Agosti kwa binti yangu: tulivyoichagua na tulichokipata

Binti yangu yuko kidato cha tatu na biolojia ndiyo roho yake. Likizo ya Agosti ilipokaribia aliniambia hataki tuisheni, nami nikamuunga mkono. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hapa Kenya, inayohusu hadi sekondari, imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na hata isingekataza, mtoto aliyeshinda darasani muhula mzima anahitaji kujifunza kwa njia nyingine.

Tulianza kutazama programu za ng'ambo. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa imemwandikia kwamba "ameteuliwa", tena kwa maneno ambayo mzazi akiyasoma haraka atadhani mwanawe ameshapata chuo. Nilipoisoma barua kwa utulivu niliona chuo kilichotajwa kinakodisha mabweni na madarasa tu. Walimu ni wa kampuni, cheti ni cha kampuni, na karo ni maelfu ya dola. Wazazi wenzangu, ulizeni kwanza ni nani hasa anayeendesha programu. Zipo za vyuo vyenyewe: Yale Young Global Scholars ni ya Chuo Kikuu cha Yale, na asiye na uwezo huweza kuomba msaada wa karo. RSI, programu ya utafiti wa sayansi iliyoanza 1984, huendeshwa na shirika lisilo la faida la CEE pamoja na chuo cha MIT, ambako sasa hufanyika; haitozi ada ya mafunzo, chakula wala malazi, ila nafasi ni chache mno. Kilichotukwamisha sisi ni kalenda. Kiangazi chao huanza Juni, na Juni watoto wetu wako katikati ya muhula wa pili. Halafu kuna safari ya Nairobi kwa mahojiano ya viza, na dola 185 zisizorudi hata ukinyimwa.

Basi tukachagua programu ya sayansi ya bahari hapa hapa Mombasa, ya wiki mbili. Kabla ya kulipa niliomba kuona kazi za wanafunzi waliotangulia. Nikapewa daftari limejaa vipimo, nambari zimekatwa na kuandikwa upya, hesabu zimerudiwa pembeni. Hilo daftari ndilo lililoniridhisha, kuliko picha zote walizokuwa wameniletea kwenye WhatsApp.

Siku waliyovuka Likoni kwenda Gazi, kijiji cha pwani kusini mwa Mombasa, wazazi tuliruhusiwa kufuatana nao. Kusi bado ilikuwa inavuma, lakini ndani ya mikoko kumetulia, maji yamekupwa, watoto wamezama kwenye tope hadi magotini. Kazi yao ilikuwa kupima unene wa miti. Mti wa kawaida hupimwa sentimita 130 kutoka ardhini, lakini mkoko wenyewe una mizizi inayotokea juu kwenye shina, kwa hivyo utepe hupandishwa sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, yaani ulio juu kabisa. Binti yangu na mwenzake wakabishana: mzizi wa mwisho ni upi? Mwalimu hakuwajibu. Aliwaambia, "Kila mmoja apime peke yake, kisha mlinganishe." Walipima, wakatofautiana, wakarudia. Vipimo vya namna hiyo ndivyo hutumika kukadiria kaboni iliyomo mtini, na pale pale Gazi mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, na kuisaidia jamii kwa maji na vifaa vya shule. Watoto walizungumza na wanakijiji wenyewe wanaoulinda msitu. Nilifurahi sana kuona hesabu ya darasani ina kazi kijijini.

Kasoro zipo. Siku za kuchambua takwimu kompyuta hazikutosha, watoto wanne wakawa kwenye moja, na wenye haya walibaki kutazama. Ripoti ya mwisho ilifanywa kwa haraka, na hapo ndipo mtoto angejifunza zaidi. Chakula kilikuwa kizuri, usafiri ulichelewa mara kwa mara.

Nyota nne kati ya tano. Anayependa sayansi na asiyeogopa tope, mpelekeni. Anayetaka udaktari wa hospitali hatapata alichokifuata. Nimewaandikia waandalizi kuhusu kompyuta. Wakiziongeza, inshallah mwakani nitamwandikisha na mdogo wake.