Star Trek: Picard – Hugh aliitwa harusini, akakuta kaburi limechimbwa

Natanguliza tahadhari: humu nimeeleza yanayotokea katika misimu yote mitatu, pamoja na nani anakufa. Kama hujaitazama na hutaki kujua mapema, bora uishie hapa.

Mimi Star Trek, zile tamthilia za Kimarekani za safari za angani, niliijua kwa kanda. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila meli yake ikipita bandari za Uingereza alikuwa akirudi Mombasa na kanda za video begini, kazikunja ndani ya mataulo zisivunjike. Kila kanda ilikuwa na sehemu mbili za The Next Generation, mojawapo ya tamthilia hizo. Tamthilia ile ina sehemu 178, kuanzia mwaka 1987 hadi 1994. Sisi tulikuwa nazo labda thelathini, tena zimerukaruka bila mpangilio, na tulizirudia mpaka picha ikaanza kutetemeka na kutoa mistari kwa chini.

Mjomba mwenyewe aliipenda kwa ajili ya jina. Katika tamthilia ya kwanza kabisa, iliyoanza mwaka 1966, alikuwemo Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina hilo limetolewa kwenye neno letu, uhuru. Kuna sehemu ya mwaka 1967 ambapo kumbukumbu zake zinafutwa, inabidi afundishwe upya kusoma kama mtoto wa chekechea, na akikwama yanamtoka maneno ya Kiswahili. Mjomba alikuwa akinihadithia hiyo kama anayehadithia habari za dada yake aliye ng'ambo.

Mimi lakini moyo wangu ulimwangukia Kapteni Jean-Luc Picard, na ulimwangukia kwa sababu alikuwa mtu wa maneno. Silaha anazo, meli kubwa anayo, ila kwanza atakaa chini azungumze na wewe. Kanda niliyoimaliza kwa kuirudia ilikuwa na Darmok, ya mwaka 1991. Picard anatupwa kwenye sayari na nahodha wa taifa ambalo lugha yake ni mafumbo matupu. Hawasemi "tushirikiane", wanasema Darmok na Jalad kule Tanagra, na kama huijui hadithi ya hao wawili basi hujaambiwa kitu. Nilikuwa mdogo na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini hiyo niliielewa kuliko zote. Bibi yangu akitaka kumwambia jirani jambo, hamwambii. Anavaa leso yenye maneno na kupita mbele ya mlango wake. Yule nahodha alizungumza kama bibi.

Ya pili ni I, Borg, ya Mei 1992. Hii lazima niieleze vizuri, maana malalamiko yangu yote yamekaa juu yake. Waborg ni viumbe waliounganishwa na mashine na kuwa akili moja. Wakikukamata wanakugeuza uwe kama wao, jina lako linapotea, unabaki namba. Picard mwenyewe walishamkamata na kumgeuza, na akiwa mikononi mwao walitumia ujuzi wake kuwaua wenzake. Sasa meli yake inaokota kijana mmoja wa Kiborg aliyejeruhiwa. Mpango ni kumtia programu ya sumu kisha wamrudishe kwao, awaangamize wote kwa mpigo. Picard anautaka mpango huo. Ana kila haki ya kuutaka. Kisha Geordi, mhandisi wa meli, anampa yule kijana jina, Hugh, na siku zinavyokwenda anaanza kusema "mimi" badala ya "sisi". Picard anaingia chumbani kwake kumjaribu, anajifanya bado ni Mborg, anamwamuru asaidie kumgeuza Geordi. Hugh anakataa. Geordi ni rafiki yake. Na Picard, aliyeingia mle na chuki ya haki kabisa, anatoka ameuacha mpango.

Hakuna bunduki iliyolia hapo. Mtu mmoja amemsikiliza mwingine akabadili nia. Nimekua nikiamini kwamba hilo linawezekana, na sehemu ya imani hiyo niliipata kwenye kanda ile.

Kwa hiyo mnaweza kufahamu hali yangu Januari 2020, Picard aliporudi. Patrick Stewart alikuwa na miaka 79. Nje ya Marekani na Kanada tamthilia ilikuwa ikionyeshwa Prime Video, nikajiunga siku hiyo hiyo, nikanunua bando la kutosha, nikaenda kwa mjomba na kompyuta yangu na waya wa kuunganisha na televisheni yake. Mjomba alikuwa ameshastaafu bahari. Alivaa msuli safi na shati lililopigwa pasi, kama anakwenda kuhudhuria hitima.

Na sehemu ile ya kwanza ni nzuri, siwezi kumdhulumu mtu. Picard ni mzee, yuko Ufaransa kwenye shamba la mizabibu la ukoo wake, ana mbwa. Amejiuzulu kwa sababu wakubwa wake walikataa kuendelea kuwaokoa Waromulani, mahasimu wao wa zamani, ambao jua lao lilikuwa linakaribia kulipuka. Mwandishi wa habari anamhoji, anamchokoza, mpaka anapandisha sauti na kusema kilichomtoa kazini. Mjomba alinyamaza kimya wakati wote ule. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, huyu hakustaafu. Huyu alisusa." Tukalala tumefurahi.

Sehemu ya tano ilikuwa ya kwanza kunipa wasiwasi. Inafunguka na Icheb, kijana tuliyemjua katika Voyager, tamthilia nyingine ya Star Trek, mtoto aliyeokolewa kwa Waborg na kulelewa upya na Seven of Nine, mwanamke ambaye naye aliwahi kuwa Mborg. Amelazwa mezani akiwa macho, bila ganzi, na mtu anamng'oa jicho kuchukua kifaa kilichomo. Kamera inakaa pale pale. Seven anafika, amechelewa, na kitu pekee anachoweza kumfanyia ni kumpiga risasi apumzike. Dakika chache tu, na kijana wa misimu miwili kwishnei. Mjomba aliuliza, "Huyu ndiye yule mtoto?" Nikasema ndiye. Akaomba chai.

Halafu sehemu ya sita wakamkutanisha Picard na Hugh. Ni mwigizaji yule yule, Jonathan Del Arco, amekuwa mtu mzima. Anasimamia mradi ndani ya mchemraba wa Waborg uliokufa, na kazi yake ni kuwatoa Waborg vyuma mwilini na kuwarudishia utu wao, mmoja mmoja. Yaani kile alichofanyiwa yeye, sasa anawafanyia wengine. Picard anaingia mle ndani, kumbukumbu za mateso zinamrudia, anaanza kuweweseka, anakaribia kuanguka, na mikono inayomdaka ni ya Hugh. Wakakumbatiana. Mjomba alipiga paja kwa kiganja. Miaka 28 tangu ile kanda, na yule mtoto wa namba amekuwa mganga wa watu wake.

Sehemu ya saba wakamuua. Anajaribu kuirudishia meli ile uhai, anakuja afisa mmoja wa ujasusi wa Kiromulani, anapigana na mtu mwingine, katikati ya purukushani anarusha kisu kinamwingia Hugh shingoni. Mradi wake wote nao umefia hapo, maana waliokuwa chini yake walishauawa kwa amri ya huyo huyo afisa. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaniambia nirudishe nyuma kidogo, labda ameona vibaya. Nikarudisha. Alikuwa ameona sawa.

Nimefikiri sana kwa nini kifo hicho kimenikaa kooni kuliko vingine, kwa sababu watu kufa kwenye hadithi si jambo geni na sijasema wasife. Ni kwamba Hugh hakuitwa kwa ajili ya hadithi yake. Aliitwa ili sisi tunaomjua tushtuke. Ni kama mtu kupelekewa kadi ya harusi, akaoga, akajifukiza udi, akafika na kukuta kaburi limeshachimbwa, na la kwake.

Ukishaliona hilo mara moja, utaliona kila mahali. Bruce Maddox ni mfano mwingine. Huyu ndiye mwanasayansi ambaye katika The Measure of a Man, ya mwaka 1989, alitaka kumfungua Data, roboti aliyekuwa afisa katika meli ya Picard, vipande vipande, na Picard akasimama mahakamani kutetea kwamba Data si mali ya mtu. Ukiniuliza ni sehemu gani ya Star Trek mtu aanze nayo, nitakuambia hiyo. Katika tamthilia mpya Maddox anapatikana akiwa mahututi, analazwa kwenye chumba cha matibabu cha meli, na Dokta Jurati, mpenzi wake wa zamani, anazima mashine iliyokuwa inamweka hai, huku akilia. Ni mauaji. Nikasubiri mahakama. Msimu ukaisha Jurati anambusu Rios, kapteni wa meli. Msimu wa pili ukaja, tukapewa maelezo ya kupita njia: alionekana hana hatia kwa kuwa akili yake ilikuwa imevurugwa na viumbe wa nje. Basi. Hawa ndio warithi wa hadithi iliyotumia saa nzima kuuliza kama roboti ana haki ya kuishi!

Mwisho wa msimu wa kwanza Picard naye anafariki, akili yake inahamishiwa kwenye mwili wa kutengenezwa, na baada ya muda mfupi anaendelea kama kawaida. Kabla ya hapo Riker, msaidizi wake wa zamani, anakuja kumwokoa na kundi kubwa la meli, na zote zinafanana kama matofali ya kiwanda kimoja. Kinachosimama pale ni Data kumuaga Picard na kumwomba azime kumbukumbu yake, ili maisha yake yawe na mwisho kama ya binadamu. Nililia, na sioni aibu. Msimu wa tatu ukamrudisha tena.

Msimu wa pili sitauzungumzia sana. Wamepelekwa Los Angeles ya mwaka 2024 na wanabaki huko karibu sehemu zote kumi, Rios anakamatwa na askari wa uhamiaji, hadithi inazunguka hapo hapo kama gari lililozama mchangani. Elnor, kijana wa Kiromulani anayefuatana na Picard, anakufa mapema na kurudishwa mwishoni kama vile hakufa. Mwisho Q, adui aliyemsumbua Picard miaka yote, anamuaga kwa kumkumbatia, na John de Lancie na Stewart wanaigiza hapo kama watu waliotunziana siri muda mrefu. Dakika hizo ni za thamani. Mjomba hakuzifikia, alikuwa ameacha kwenye sehemu ya nne.

Msimu wa tatu, chini ya mtayarishaji Terry Matalas, ndio watu wengi wanausifu, na nakubali una uhai. Wenzake wa zamani wote wamerudi: Riker, Troi, Worf, Geordi, Dokta Crusher. Taa za chumba cha usukani cha Enterprise-D, meli yao ya zamani, zilipowaka, na zulia lile lile, mjomba alisimama wima. Lakini angalia alichofanyiwa Ro Laren. Michelle Forbes anarudi katika sehemu ya tano kama afisa aliyemsaliti Picard zamani, wanafungiana chumbani, wanaambiana ukweli wote, nani alimvunja nani moyo. Ni mazungumzo ya wakubwa kwa wakubwa, na ndiyo Star Trek niliyoijua. Sehemu ile ile haijaisha, ameshalipuka na chombo chake. Shelby naye, afisa tuliyemwona mara ya mwisho mwaka 1990, anarudi sasa ni amiri na anapigwa risasi na vijana wake mwenyewe. Kapteni Shaw, ambaye nilikuwa nimeanza kumpenda kwa ukali wake, naye hivyo hivyo.

Nikitoa alama: msimu wa kwanza mbili kati ya tano, wa pili moja, wa tatu tatu na nusu. Kama hujawahi kuona The Next Generation, usianzie hapa, kwa sababu hutajua unachopoteza kila mtu anapoanguka. Kama unaijua, tazama sehemu ya kwanza, halafu uruke hadi msimu wa tatu. Na hapo katikati itafute Nepenthe, sehemu ya saba ya msimu wa kwanza. Picard anakwenda kwa Riker na Troi, wamejenga nyumba msituni, Riker anapika piza kwenye jiko la nje, wana binti mmoja, na mwana wao alifariki kwa maradhi yenye dawa iliyopigwa marufuku. Wanakula, wanazungumza juu ya marehemu bila haraka. Hakuna tulichokiomba zaidi ya hicho.

Bahati mbaya ndiyo sehemu hiyo hiyo Hugh anauawa. Hadithi mbili zinapishana ndani yake. Mjomba bado anapenda kuitazama nikienda Jumapili. Rimoti anaishika yeye. Kila picha ikihamia kwenye mchemraba anabonyeza kupeleka mbele, anahesabu kwa midomo, na kuachia pale tu moshi wa jiko la Riker unapoonekana tena.