Uzoefu wangu na randomColor: rangi za bahati nasibu zinazotazamika

Kama unatengeneza chati au viduara vya majina ya watumiaji kwa JavaScript, naipendekeza maktaba ya randomColor bila kusita. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kazi yake ni moja tu: ukiiita, inakurudishia rangi.

Utauliza, maktaba ya nini ilhali mstari mmoja wa Math.random, amri ya JavaScript inayotoa namba ya bahati nasibu kuanzia 0 hadi karibu na 1, unatosha? Ule mstari unaonakiliwa kila mahali, wa kuzidisha kwa 16777215 na kugeuza jibu kuwa heksadesimali (namba za mfumo wa 16, ambazo vivinjari hutumia kutaja rangi), una kasoro. Namba ikitoka ndogo, sifuri za mwanzo hupotea. Unabaki na tarakimu tano badala ya sita, na kivinjari hakiitambui rangi hiyo. Dawa yake ni padStart, amri ya JavaScript inayojaza sifuri mwanzoni. Tena, kwa kuwa Math.random haifiki 1, nyeupe kamili haitoki kamwe. Kizidishi sahihi ni 16777216, yaani 256 × 256 × 256.

Hata ukirekebisha hayo, tatizo kubwa linabaki. Nyekundu, kijani na bluu zikichotwa kila moja kivyake, rangi nyingi hutoka zimefifia, za kijivukijivu na tope. Hapo ndipo randomColor iliponiteka. Kwanza huchagua rangi ya msingi kwenye duara la nyuzi 360, kisha ukolezo na mwangaza ndani ya mipaka iliyopangiwa rangi hiyo, maana njano ikipunguziwa mwanga huwa tope lakini bluu bado hupendeza.

Kinachonifanya niing'ang'anie ni seed, yaani mbegu: thamani unayoipa, na mbegu ile ile huleta rangi ile ile. Math.random haina pa kupandia mbegu, hivyo ukurasa ukifunguliwa upya rangi zote hubadilika. Hapa naweka jina la mtumiaji liwe mbegu, na mtu yule yule hupata rangi ile ile leo na kesho, bila kuhifadhi chochote kwenye hifadhidata. Ni raha sana.

Upungufu upo. Ukiiita mara moja moja, hakuna kinachozuia rangi mbili kukaribiana mno, na kwenye grafu ya mistari mingi hilo ni usumbufu. Kwa kazi hiyo natumia hsl moja kwa moja, yaani kutaja rangi kwa nyuzi za duara, ukolezo na mwangaza, nikiongeza nyuzi 137.5 kila hatua. Rangi zinazofuatana hutengana vizuri. Pia randomColor haipimi kama maandishi yatasomeka juu ya rangi iliyotoka. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, katika ngazi ya AA unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na hesabu hiyo utaifanya mwenyewe.