Unforgiven: kisasi kisichomsafisha mtu

Kwa miongo mingi filamu za makauboi zilimzoeza mtazamaji kuamini kwamba jambazi anaweza kutakaswa na risasi moja iliyopigwa kwa sababu njema. Huchukua tena bastola aliyoiweka kando, huwalipizia wanyonge, na anapoondoka mjini juu ya farasi maovu yake ya zamani huwa hayakumbukwi na yeyote. Unforgiven ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Clint Eastwood kutokana na mswada wa David Webb Peoples, inaanza na malighafi hiyo hiyo, kisha inaikagua kwa ukali ambao ni nadra kuukuta katika filamu za aina hii.

Kisa chenyewe hakina utata. Mwaka 1880, katika mji mdogo wa kubuni uitwao Big Whiskey, Wyoming, mchunga ng'ombe anamkata kahaba aitwaye Delilah usoni kwa kisu kwa sababu tu alimcheka. Sherifu Little Bill Daggett, anayeigizwa na Gene Hackman, analichukulia tukio hilo kuwa hasara ya mwenye danguro na wala si jinai dhidi ya mwanamke, hivyo anaamuru fidia ilipwe kwa farasi, na farasi hao wapewe mwenye danguro. Wenzake Delilah wanachanga akiba zao na kutangaza dola 1,000 kwa atakayewaua wachunga ng'ombe wawili waliokuwepo. Habari hiyo inamfikia William Munny, yaani Eastwood mwenyewe, muuaji wa zamani ambaye sasa ni mgane mwenye watoto wawili na nguruwe wanaokufa kwa homa huko Kansas.

Munny tunayekutana naye mwanzoni anatia huruma zaidi kuliko hofu. Anashindwa kulenga kopo kwa bastola, anaanguka kila anapojaribu kumpanda farasi, na kila apatapo nafasi anawaambia watu kwamba marehemu mkewe alimponya ulevi na uovu. Anayarudia maneno hayo mara nyingi mno kwa mtu anayeyaamini, na Eastwood anayatamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisomea kiapo alichoanza kukisahau.

Uzito wa filamu hii uko katika jinsi inavyoonyesha kuua. Mchunga ng'ombe wa kwanza kuuawa ndiye mwenye hatia ndogo zaidi. Rafiki wa Munny, Ned Logan, anayeigizwa na Morgan Freeman, anashika bunduki na kugundua kwamba hawezi tena kumaliza kazi, kwa hiyo Munny anaipokea. Kijana yule hafi papo hapo. Anajikokota nyuma ya mawe akiomba maji, na Munny anawapigia kelele wenzake wampelekee, akiahidi kutowafyatulia risasi. Wa pili anapigwa risasi akiwa chooni. Aliyempiga ni mwenzao wa tatu katika safari hiyo, kijana asiyeona mbali ambaye kabla ya hapo alijigamba kuwa ameshaua watu watano, na sasa analia chini ya mti, chupa mkononi, kwa kuwa huyo ndiye wa kwanza. Hakuna muziki wa kishujaa unaokuja kumwokoa, wala kumwokoa mtazamaji.

Pembeni mwa haya kuna mhusika ambaye kwangu ndiye ufunguo wa filamu nzima: Beauchamp, mwandishi wa vitabu vya bei nafuu vinavyowapamba wapiganaji wa bastola. Anafika mjini akimfuata English Bob (Richard Harris), anamwona shujaa wake akipigwa na kudhalilishwa na sherifu, na papo hapo anahamia kwa sherifu ili aandike habari zake. Hivyo ndivyo hadithi za frontia, yaani Magharibi ya Marekani iliyokuwa bado haijatulia, zilivyopikwa, na filamu inatuonyesha jiko lenyewe.

Little Bill anamvunja Bob kwa kisingizio cha sheria inayokataza silaha mjini. Jambo hilo halikubuniwa: miji kama Dodge City na Tombstone ilikuwa na makatazo ya namna hiyo, na mapambano maarufu ya O.K. Corral ya mwaka 1881 yalitokana kwa sehemu na jaribio la kuwanyang'anya watu silaha. Hackman anamfanya sherifu huyu kuwa mcheshi, mkarimu wa maneno, fundi mbovu anayejijengea nyumba inayovuja, na mkatili asiye na shaka hata kidogo kuwa yuko upande wa haki. Tuzo ya Oscar aliyoipata, mojawapo ya nne zilizokwenda kwa filamu hii, alistahili kabisa.

Kasoro zipo. Wanawake wanaoanzisha mambo yote wanasahauliwa kadiri bunduki zinavyokaribia, na Delilah anapewa mazungumzo machache kupita kiasi. Vilevile, Ned, mtu mweusi, anachapwa viboko na wazungu hadi kufa, lakini mswada haulisemi jambo hilo hata kwa neno moja. Picha inalisema, bila shaka, ila ukimya wa wahusika unaniacha na mashaka.

Kisha kuna mapambano ya mwisho. Anaposikia kifo cha Ned, Munny anaichukua chupa na kunywa, polepole, huku mwanamke aliyeleta fedha akiendelea kusimulia. Hapo ndipo mume aliyetubu anapotoweka mbele ya macho yetu. Lakini ndani ya baa yule mzee aliyeshindwa kulenga kopo anawaangusha wanaume kadhaa kwa dakika chache, na stelingi tuliyenyimwa kwa saa mbili anarudishwa akiwa mzima. Eastwood anataka tuogope, na ninaamini wengi hushangilia. Jack N. Green, mpiga picha, anajitahidi kuturudisha kwenye hofu kwa giza na mvua, na anafanikiwa kwa sehemu tu.

Filamu ina urefu wa zaidi ya saa mbili, inakwenda taratibu, na haifai kwa watoto. Eastwood aliitabaruku kwa waongozaji Sergio Leone na Don Siegel, na mtazamaji aliyemwona Eastwood kwanza akiwa kijana katika kazi za Leone, akiua bila kupepesa jicho, atafaidi zaidi.