Kunyoosha mbonyeo mdogo wa gari nyumbani: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ukimpelekea fundi bodi mlango wenye mbonyeo wa ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, atakutajia bei ya mlango mzima. Simlaumu. Njia yake ni nyundo, puti (ule uji mzito wa kujazia mabonde, unaokauka na kuwa mgumu), msasa na rangi, na rangi haipulizwi kipande. Lakini ndivyo gari lililotoka Japani na rangi yake ya kiwandani linavyoanza kupata viraka, na siku ya kuliuza mnunuzi ataviona. Ndiyo maana vifaa vya kunyooshea nyumbani vimejaa mitandaoni na kwenye maduka ya vipuri. Vingine vinafanya kazi kweli, vingine ni vya kuchezea watoto.

Nazungumzia mibonyeo midogo ambayo rangi haijapasuka: mlango wa jirani pale maegesho, usukani wa bodaboda kwenye foleni, embe lililoangukia boneti. Rangi ikishapasuka, hasa kwa sisi tulio karibu na bahari, kutu inaanza kazi yake na hakuna kifaa hapa chini kitakachokusaidia.

Kabla ya yote, sumaku

Tafuta sumaku laini ya friji, ifunge kwa kitambaa chembamba, uipitishe polepole juu ya paneli. Penye rangi ya kiwandani inang'ang'ania. Ikifika penye puti inalegea au inadondoka kabisa. Sababu ni unene: rangi ya kiwandani ina kama maikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ndogo tu ya milimita moja, wakati puti inaweza kufika milimita kadhaa. Gari nyingi tunazouziana hapa zimeshapita kwa fundi bila sisi kujua, na ukivuta kwa gundi mahali penye puti utabaki umeshika kipande cha rangi mkononi. Sumaku isiposhika popote kwenye boneti nzima, usikimbilie kusema ni puti. Baadhi ya Subaru Forester na Legacy zina boneti za alumini. Alumini ina ukaidi wake, mwachie fundi anayeijua.

Namba 1: seti ya kuvuta kwa gundi

Kwa mlango, fenda na boneti za chuma, hakuna kinachoifikia. Ndani ya boksi unakuta bunduki ya gundi, vijiti vya gundi, vichwa vya plastiki vya saizi mbalimbali na kivutio. Kivutio ni cha aina mbili: daraja lenye miguu ya mpira na skrubu ya kukaza, au chuma chenye umbo la T chenye uzito unaoteleza kama nyundo. Kwa anayeanza, chukua daraja. Skrubu inakupa robo mzunguko kwa robo mzunguko, wakati nyundo inavuta kwa mshtuko na ni rahisi kupitiliza. Ukipitiliza, bonde linageuka kilima.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, volti zilizoandikwa kwenye bunduki: seti nyingine zimetengenezwa kwa umeme wa volti 110, na wetu ni 230. Pili, gundi. Vijiti vinavyokuja na seti za bei ya chini mara nyingi ni dhaifu, kichwa kinabanduka kabla chuma hakijasogea. Heri ununue seti ya kawaida na vijiti vizuri vya gundi ya kunyooshea bodi, kuliko seti yenye vipande lukuki na gundi ya kubandikia maua ya harusi.

Kazi yenyewe inataka subira. Futa mafuta na nta kwa spiriti ya duka la dawa. Chagua kichwa kidogo kuliko mbonyeo, kipake gundi, kibandike katikati kabisa, na usiguse mpaka gundi ipoe. Hapa jua la Dar linaharibu mipango: paneli nyeusi iliyoegeshwa juani saa saba mchana haiachi gundi ikauke, kwa hiyo fanya asubuhi au kivulini. Kaza kidogo, ondoa, tazama, rudia. Mbonyeo mmoja unaweza kutaka mivuto mingi midogo. Kutoa kichwa, nyunyizia spiriti pembeni mwake na ukisukume taratibu. Usiking'oe kwa nguvu. Palipoinuka kupita kiasi, gonga polepole kwa kipande cha plastiki chenye ncha butu na nyundo ya mpira.

Macho yatakudanganya ukitazama chuma chenyewe. Tazama taswira ya taa ya tyubu inayoakisiwa kwenye rangi: mstari wake ukipinda, bado, ukinyooka, acha hapo hapo. Tamaa ya kumalizia kidogo ndiyo inayozaa kilima.

Namba 2: birika la maji ya moto

Kwa bampa, hii inapanda namba moja, na haikugharimu kitu. Bampa za gari nyingi za siku hizi ni plastiki inayolainika kwa joto. Fungua klipu za chini au za upande wa tairi ili mkono ufike nyuma, mwagia maji yaliyochemka, sukuma kutoka ndani ukiwa na glovu nene, kisha mwagia maji baridi ili umbo likae. Mara ya kwanza isipokubali, chemsha tena. Angalia nyaya za sensa za kuegeshea kama gari lako linazo. Kama bampa lilishawahi kuungwa na kupakwa puti, maji ya moto yanaweza kuibandua. Kwa chuma, usipoteze gesi yako.

Namba 3: kikombe cha kunyonya

Ni bei nafuu, na kinafaa kwa kitu kimoja tu: mbonyeo mpana usio na kina, uliokaa katikati ya paneli tambarare, kama mtu alivyoegemea mlango. Lowesha kwa maji ya sabuni, bandika, vuta. Pengine utasikia "pu!" na kazi imeisha. Kwa mbonyeo mdogo wenye ncha hakina maana, maana kikombe ni kipana kuliko tatizo. Mpira wa kuzibulia sinki ni ndugu yake, tena ndugu mwenye mikwaruzo: futa vumbi kwanza.

Namba 4: fimbo za kusukuma kutoka nyuma

Mafundi wanaonyoosha bila kupaka rangi hufanya maajabu kwa fimbo hizi. Wewe na mimi, hapana. Lazima ujue ncha ya fimbo iko wapi upande usiouona, na kosa la milimita chache linaacha chunusi kwenye rangi. Ndani ya mlango kuna kioo, pembeni mwa paa kunaweza kuwa na mkoba wa hewa (airbag). Nunua kama unataka kujifunza ufundi, ukianza na mlango wa chuma chakavu.

Namba 5: draya na barafu kavu

Video zake zinapendwa sana: pasha paneli kwa draya ya saluni, paka barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) au puliza kopo la hewa la kusafishia kompyuta, likiwa limepinduliwa, eti chuma kinaruka chenyewe. Kwa kawaida chuma kinatulia tu. Barafu kavu iko kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi, na mshtuko wa joto na baridi unaweza kupasua rangi uliyokuwa unaihifadhi.

Mbonyeo uliokaa kwenye mkunjo wa bodi au ukingoni mwa mlango, usiununulie kifaa chochote kati ya hivi. Chuma hapo ni kigumu zaidi, gundi haikiwezi. Ulizia fundi anayenyoosha bila puti, na umwambie hivyo mapema, kabla hajagusa msasa.