Nyama ya taco iliyolowekwa viungo buchani: nimeinunua mara nne, haya ndiyo niliyoyaona

Mtaa wetu hapa Houston una bucha za Wameksiko kila unapogeuka. Ukiingia, nyuma ya kioo utakuta sinia kubwa la nyama iliyokwisha kulazwa kwenye viungo, limeandikwa "preparada", yaani iliyotayarishwa, juu yake vitunguu, dania na vipande vya machungwa. Unapimiwa, unakwenda nyumbani, unawasha mkaa, jioni mnakula taco, yaani nyama iliyokunjwa ndani ya tortilla, chapati nyembamba ya Kimeksiko. Kati ya Machi na Juni nimeinunua mara nne kwenye bucha mbili tofauti. Nawaandikia wenzangu mlioko huku ambao kila Jumamosi mnaipita mkijiuliza kama inafaa.

Tuanze na nyama yenyewe. Kwa Kihispania huitwa arrachera, na watu wa Texas huiita fajita, kutokana na neno faja, yaani mshipi, kwa kuwa ni utepe mrefu mwembamba. Ni ule msuli unaotenga kifua cha ng'ombe na tumbo lake. Kila ng'ombe anapovuta pumzi, msuli huo unafanya kazi, ndiyo maana nyuzi zake ni nene na ladha yake imeshiba. Zamani ilikuwa nyama ya wachunga ng'ombe, haina bei. Hapa Houston aliyeivumisha ni Ninfa Laurenzo, mjane aliyekuwa na kiwanda kidogo cha tortilla barabara ya Navigation. Mwaka 1973 alifungua mkahawa papo hapo kiwandani, akauza nyama hii ya mkaa imekunjwa ndani ya tortilla. Siku hizi inauzwa kwa bei ya nyama za heshima, kwa hivyo ikiharibika inauma.

Mara ya kwanza nilifurahi kweli. Kitunguu thomu kilisikika, ndimu ilikuwepo bila kuchoma ulimi, chumvi sawasawa. Watoto walikula mpaka wakagombania kipande cha mwisho. Nikasema moyoni, kumbe nilikuwa najichosha bure.

Mara ya pili, bucha ile ile, nilikwenda saa mbili usiku, karibu na kufunga. Nyama ilikuwa imepauka, kijivu badala ya nyekundu. Nilipoibonyeza kwa kidole shimo lilibaki pale pale, kama donge la chapati lililolala. Juu ya wavu ikanata, na nilipoigeuza ngozi ya juu ilibaki kwenye chuma. Mdomoni nyuzi zilikuwa zimepotea kabisa, ikisagika kama maini ya kuchemsha. Mke wangu aliuliza kama nimenunua nyama iliyooza. Haikuoza. Ilikuwa imepikwa na ndimu kabla ya kuonja moto.

Hapo ndipo penye shida yote. Chumvi ukiipa muda inaingia ndani ya nyama na kuisaidia kushika maji yake. Ukali wa ndimu na chungwa hauendi mbali. Unashughulika na tabaka la juu, unalikaza kwanza, kisha ukizidi unalilegeza. Kwenye paja zima la mbuzi usingeona tofauti kubwa. Arrachera ni nyembamba kama kidole, ukali unaingia juu na chini, na baada ya siku nzima kinachobaki katikati ni kidogo mno. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa mishkaki: papai bichi ukilitia asubuhi kwa nyama ya jioni, ukichoma, vipande vinaanguka kutoka kwenye kijiti. Papai na ndimu hazifanyi kazi kwa njia moja, lakini zote mbili zinataka uangalie saa.

Mara ya tatu nilijaribu bucha ya pili. Ladha nzuri, haikulegea, ila ilikuwa inaogelea. Nilinunua pauni tatu, nikaichuja na kuipangusa, nikaipima tena: pauni mbili na nusu. Nusu pauni nzima nililipia maji ya machungwa na vitunguu. Halafu nyama iliyolowa hivyo haichomeki. Maji yote lazima yageuke mvuke kwanza ndipo nyama ianze kupata rangi, na kufikia hapo ndani imeshakauka. Mara ya nne ilikuwa ya wastani, sina la kusema.

Sasa nanunua arrachera tupu, pale pale kwenye bucha ya pili, kwa sababu ukataji wao ni safi na ule utando mgumu wanauvua vizuri sana. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma naipaka chumvi tu, vijiko viwili vya chai kwa kilo, naiweka kwenye friji. Kesho yake, saa moja u nusu kabla ya mkaa kushika, natia punje tano za kitunguu thomu zilizopondwa, dania iliyokatwa na mashina yake, pilipili mbichi, bizari nyembamba niliyoikaanga kavu, mafuta kidogo, maji ya ndimu mbili na ya chungwa moja. Nikipata danzi, naacha chungwa na ndimu zote. Watu wa Yucatán, kule Meksiko, ndivyo wanavyoanza nyama zao nyingi, na harufu ya danzi inanirudisha nyumbani kwa mama moja kwa moja.

Kabla ya kuchoma naipangusa ikauke kabisa. Usiogope, viungo vimeshafanya kazi yao. Mkaa ninaoutumia ni wa mesquite, mti wa jamii moja na mathenge yule anayewasumbua watu wa Baringo, Kenya. Moto wake ni mkali na moshi wake una utamu fulani. Dakika mbili na nusu kila upande, kisha naiacha ipumzike dakika kama saba. Yale maji yaliyobaki kwenye bakuli la nyama mbichi nayatupa, siyamwagi juu ya chakula.

Kukata nako kuna kazi. Nyuzi za arrachera zinakwenda kwa upana, si kwa urefu, na ukiikata kama mkate utatafuna kamba. Natoa kwanza vipande vya shubiri moja moja, nageuza kila kimoja, ndipo nakata vyembamba kukatisha nyuzi. Tortilla za mahindi napasha kwenye kikaango kikavu mpaka zitoe madoa, na juu yake kachumbari ya dania bila kitu kingine.

Ile ya tayari naipa nyota tatu kati ya tano, na nyota hizo ni za siku ya kwanza ile. Huna jiko la nje, huna muda, wageni wako njiani? Inunue, lakini nenda asubuhi na uulize imelowekwa lini. Muuzaji wa bucha ya pili nilipomuuliza hakukasirika hata kidogo. Aliniambia ya leo bado iko nyuma inachanganywa, nisubiri robo saa, akanitolea nyekundu kabisa.