Wavu wa gofu uani: uzoefu wangu Mwanza, kuanzia vigingi hadi handikapu

Niliununua wavu huu wa mazoezi kwa ajili ya jambo moja: kupata swingi (mzunguko mzima wa kupiga) inayojirudia. Nimeutumia miezi saba, siku nne kwa wiki, mipira 60 hadi 80 kwa siku. Niseme mapema ninavyouona. Ni kifaa kizuri cha kurudia pigo mpaka mwili ulizoee, na ni kifaa kibaya cha kukuambia wewe ni mchezaji wa kiwango gani. Wanunuzi wengi wanalipia la kwanza huku wakitarajia la pili, kisha wanaulaumu wavu.

Kwenye mfuko kuna fito za faiba zinazochomekana, miguu ya chuma, wavu wa upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.1, kitambaa kizito cha kupokea mpira kinachoning'inia katikati, vigingi vinne vya waya, na kimkeka cha nyasi bandia cha sentimita 60 kwa 30. Ukishauzoea unausimamisha kwa dakika tano. Siku ya kwanza weka nusu saa na subira.

Vigingi ndivyo vinavyoonyesha kwamba aliyeutengeneza hakuwahi kufika Jiji la Miamba. Ua wa nyumba ya mlimani hapa una udongo wa kiganja, chini yake ni jiwe. Kigingi cha waya kinapinda kabla hakijaingia. Badala yake jaza mchanga viroba viwili vya kilo 25, kimoja kila mguu, na ufunge kamba ya manila kutoka juu ya fito hadi kwenye kiroba cha tatu nyuma. Usikiruke hicho cha tatu. Nchi kavu ikishapata joto mchana, upepo wa ziwa unaingia, na wavu wa mita za mraba sita na ushee unakuwa tanga. Asubuhi kabla ya saa nne hewa hutulia, na mimi huufungua muda huo tu.

Jiwe lina hatari yake nyingine. Mpira wa gofu ni mgumu, na ukikosa wavu ukapiga mwamba unarudi kwa kasi usiyoitarajia. Kwa hiyo usitegemee mwamba ulio nyuma ya wavu uwe "kinga". Ning'iniza wavu wa pili nyuma au geuza upande.

Umbali kati ya mpira na wavu nao una hesabu yake. Kwa ayoni namba 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, mpira unaondoka kwa pembe ya nyuzi 16 hadi 20 hivi, kwa hiyo ukiwa mita 3 unagonga wavu kwenye kimo cha mita moja, salama kabisa. Weji ya kupandisha, fimbo fupi ya kurusha mpira juu, ikitoa nyuzi 40, kwa mita zile zile 3 mpira unafika mita 2.5 na kupita juu, kwenda kwa jirani. Sogea hadi mita 2 na kimo kinashuka kuwa mita 1.7. Kwa pembeni ni vivyo hivyo: ukiwa mita 3 wavu unakukinga nyuzi 26 tu kila upande, na mpira uliogongwa na shingo ya fimbo hutoka kwa pembe kubwa kuliko hiyo. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, upande wa kulia unahitaji shuka la turubai, na hakuna mtu, mtoto wala kuku anayekaa huko.

Kimkeka ndicho sehemu dhaifu kuliko zote. Kwanza kinateleza kwenye saruji. Pili, kina unene wa sentimita 2, wewe umesimama chini yake, kwa hiyo mpira uko juu ya miguu yako na unajifunza pigo la mlimani bila kujua. Simama juu ya vile vipande vya sponji ngumu vya kuchezea watoto mpaka nyayo na mpira viwe usawa mmoja. Weka kipande kingine chini ya kimkeka chenyewe. Kupiga ayoni mara 80 juu ya saruji kunaumiza kiwiko na kifundo cha mkono, na maumivu ya kiwiko hayaishi kwa siku mbili.

Kasoro ya tatu ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani. Kwenye nyasi, fimbo ikigusa ardhi sentimita 5 kabla ya mpira, udongo unaikamata na mpira unafia njiani. Kwenye mkeka, fimbo inateleza juu ya plastiki, inaufikia mpira, unasikia mlio mtamu. Mkeka umekudanganya. Dawa yake ni taulo: likunje, lilaze sentimita 10 nyuma ya mpira, piga bila kuligusa. Ukiligusa, mara nyingi uzito umebaki mguu wa nyuma. Anayepiga ayoni vizuri, sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo yake iko mbele ya mpira, si chini yake. Kama una sehemu ya mchanga, chora mstari, piga bila mpira, kisha tazama shimo limeanzia wapi. Mchanga wa ufukweni uliolowa kidogo unaonyesha alama safi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, na ni bure.

Sasa mwelekeo. Wavu mtupu haukuambii lolote, lakini ukifungiwa utepe unasema mengi. Mpira unaanza safari yake hasa pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama wakati wa kugonga, kama robo tatu ya mwelekeo kwa ayoni, na zaidi ya hapo kwa dreva, fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza. Kwa umbali wa mita 3, nyuzi moja ni sentimita 5.2. Kwa hiyo funga utepe wima katikati ya kitambaa, kisha tepe nyingine kila sentimita 5 kulia na kushoto. Kila utepe ni nyuzi moja. Mpira uliogonga utepe wa tano, kwa pigo la mita 140, umeanza kuelekea mita 12 nje ya bendera. Mara ya kwanza kuziona alama hizo unanyamaza kidogo.

Kinachobaki gizani ni mpindo wa mpira. Kupinda kwa mpira hewani kunatokana na tofauti kati ya uso wa fimbo na njia ya fimbo, na mita 3 hazitoshi kukuonyesha. Hapa boksi tupu la maji linasaidia. Liweke nje ya mstari wa mpira, sentimita 5 kutoka kwenye njia ya fimbo na kidogo nyuma ya mpira. Fimbo inayotoka nje kuingia ndani, ile inayozaa slaisi (mpira unaopindia kulia kwa mpigaji wa mkono wa kulia), italipiga boksi teke. Usitumie tofali.

Alama ya kugonga ndiyo iliyobadilisha mazoezi yangu kuliko wavu wenyewe. Chukua kalamu ya ubao mweupe, weka nukta nene nyuma ya mpira, geuza nukta itazamane na uso wa fimbo, piga. Wino unahamia kwenye uso wa fimbo. Piga mipira 10, na kila baada ya pigo tazama, andika, futa kwa kitambaa. Duara la katikati ninalolikubali ni upana wa kizibo cha soda. Alama zikikusanyika kwenye ncha, umesimama mbali, au mikono inavutwa ndani, au mwili unainuka wakati wa kushuka. Zikikusanyika kwenye kisigino, uzito unakimbilia vidole vya miguu. Zikiwa chini ya uso, unaugonga mpira kichwani. Zikiwa zimetapakaa kila mahali, usirekebishe chochote bado. Punguza nguvu mpaka ziwe kundi, hata kama kundi lenyewe liko mahali pabaya, kwa sababu kosa linalojirudia linatibika na kosa la kubahatisha halitibiki. Mimi sibadilishi fimbo mpaka saba kati ya 10 ziwe ndani ya kizibo. Kwa dreva kuna jambo la ziada: ukigonga kwa ncha mpira unapindia kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukigonga kwa kisigino unapindia kulia, hata swingi ikiwa nzuri. Wengi huanza kubadilisha mshiko wa mikono wakati tatizo ni mahali pa kugonga.

Simu yoyote inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha kupima mwendo. Iweke kwenye kimo cha mikono, mita 3 kutoka kwako, ikutazame kifuani. Hesabu picha kutoka fimbo inapoanza kusogea hadi inapofika juu, kisha kutoka juu hadi inapogonga mpira. Wachezaji wazuri hukaribia tatu kwa moja, mfano picha 180 kwenda juu na 60 kushuka, yaani sekunde 0.75 na 0.25. Usihangaike sana na uwiano wenyewe. Rekodi mapigo matano, ulinganishe: yanayotofautiana kwa picha 5 au 6 kwenda juu ni ya mtu aliyetulia, yanayotofautiana kwa 40 ni ya mtu anayebuni swingi mpya kila mara. Rekodi kwenye mwanga wa kutosha, maana jioni fimbo inakuwa ukungu.

Kuhusu kiwango. Kupiga 9 kati ya 10 katikati ya kitambaa hakukufanyi mchezaji wa namba yoyote. Kiwango kinatoka kwenye kadi za uwanja uliopimwa, kwa mfumo wa dunia wa handikapu (namba ya uwezo wa mchezaji, ndogo ndiyo bora) ulioanza mwaka 2020. Unahitaji kadi zenye jumla ya mashimo 54, na unaweza kuzikusanya kwa raundi za mashimo 18 au 9. Kila kadi inageuzwa kuwa tofauti: 113 gawanya kwa slopu ya uwanja (namba ya ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida), zidisha kwa mikwaju yako iliyorekebishwa ukitoa kadirio la uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji wa handikapu sifuri). Tuseme umepiga 95, kadirio ni 71.2, slopu ni 124. Tofauti yako ni 21.7. Ukiwa na kadi tatu tu, inachukuliwa iliyo bora na kupunguzwa 2, kwa hiyo kama 21.7 ndiyo bora, unaanza na 19.7. Zikifika 20, ni wastani wa nane bora kati yake. Kiwango cha juu cha handikapu ni 54.0, hivyo hakuna wa kuambiwa "bado hujafika".

"Iliyorekebishwa" nayo ina maana yake. Asiye na handikapu bado, shimo moja haliandikwi zaidi ya pa (mikwaju iliyowekwa kwa shimo hilo) na mikwaju 5. Ukipiga 13 kwenye shimo la pa 4, kadi ya handikapu inasoma 9. Mwenye handikapu anaishia pa na 2, pamoja na mikwaju anayopewa kwenye shimo hilo. Na kwa kuwa ni wastani wa nane bora, siku nyingi utapiga zaidi ya namba yako. Anayesema "mimi ni 18" kwa sababu wastani wake wa Jumamosi ni 18 juu ya pa, mara nyingi handikapu yake si 18, ni ndogo zaidi.

Kipimo kingine kinachosaidia kujiweka mahali: wapimaji wa viwanja humchukua mwanamume wa handikapu sifuri kuwa anapiga yadi 250 kwa mkwaju wa kwanza, kama mita 229, na mchezaji wa bogi, handikapu ya 20 hivi, yadi 200, kama mita 183. Tofauti hiyo ya nguvu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mikwaju 20 inapotelea kwenye mapigo yaliyokosa katikati ya uso wa fimbo na kuzunguka grini (nyasi fupi zenye shimo), na hayo ya pili wavu hauyagusi kabisa. Pati (kuusukuma mpira shimoni) na chipu (pigo fupi la karibu na grini) zifanyie kazi sehemu nyingine.

Kama unalinganisha mita zako na za rafiki wa Dar es Salaam, kumbuka ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbele zaidi kwa karibu asilimia 4. Mita 150 zako hapa ni kama 144 pwani. Chukua fimbo ya namba moja ndefu zaidi ukishuka huko.

Mwisho wa kitambaa ulikuja mwezi wa tano: jua lilikwisha kuuchosha uzi, na katikati pakaanza kuchanika, pale pale kwenye utepe wa sifuri. Usiharakishe kuagiza kingine. Kwenye maduka ya zana za uvuvi Kirumba kuna wavu wa dagaa. Ununue, ukunje mara tatu, uning'inize kwa kulegea sentimita 30 nyuma ya kitambaa. Ukivutwa ukakaza, mpira unarudi au unapasua. Wavu wa sangara haufai: tundu la inchi 6 likivutwa, upande wake ni sentimita 7.6, na mpira una kipenyo cha sentimita 4.3. Unapita bila hata kupunguza mwendo. Timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, usiiguse, ni haramu ziwani na nyuzi zake nyembamba zinakatika kwa pigo moja la dreva.

Mvua ikinyesha, toa wavu kwenye fito kwanza. Wavu uliolowa ni mzito, na fito za faiba zikikaa zimepinda usiku kucha hupata ufa kwenye maungio. Ukiona nyuzi nyeupe zinachomoza hapo, vaa glavu kabla ya kuzishika, kisha zungushia utepe wa gundi tabaka mbili. Mimi nina mbili zilizofungwa hivyo na bado zinasimama.